Sikuchanganya Mirija ya Vyura

Chato,
Jumamosi asubuhi.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwangaluka, Baba, na Mama naye mwangaluka, maana najua amekaa hapo pembeni anasubiri umsomee kwa sauti. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na kile kifua kilichonisumbua kwenye mvua za vuli kimepona kabisa. Goti lako linaendeleaje? Mvua za Samuye zimeshuka sawasawa, au mawingu yamewapita tena yakaenda kumwaga Tinde? Yule ndama mwekundu ameshaachishwa? Na Mama anameza dawa zake za presha kila siku, au anameza siku kichwa kikimuuma tu? Nijibu ukweli, Baba, usimfichie.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu yetu sisi wawili ina mambo yake. Mara ya mwisho nilikwambia nimetuhumiwa, wewe ukasikia tumbo, ukanielekeza mizizi ya kuchemsha. Sikuwa naumwa tumbo. Nilikuwa nimetuhumiwa kazini, mbele ya watu, na nilikuwa karibu kufunga mizigo nirudi nyumbani. Sasa yamekwisha, tena yamekwisha vizuri mno, na habari kama hii sitaki ikufikie nusunusu.

Kazi yangu unaijua kidogo tu, kwa hiyo niianze mwanzo. Nina mabwawa sita. Mawili yako pembeni ya ziwa huku Chato, mawili kwenye majaruba ya mpunga, na mawili upande wa Geita, kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji yaliyoachwa yakajaa maji. Kila baada ya wiki kadhaa nazunguka mabwawa yote. Namkamata chura nikiwa na glavu mpya, namsuuza kwa maji safi, nampangusa ngozi kwa kijiti chenye pamba, nakitia kijiti kwenye mrija, naandika namba, nampima uzito, namwachia. Natupa glavu, navaa nyingine, namkamata anayefuata. Mirija inakaa kwenye barafu hadi ifike maabara.

Tunachokitafuta hakionekani kwa macho. Juu ya ngozi ya kila chura wanaishi bakteria wa aina nyingi kwa pamoja. Si uchafu huo, Baba. Wengine ni walinzi wake. Mama atalielewa hili upesi kuliko wewe: kibuyu chake cha maziwa ya mgando hakioshi kwa sabuni, kwa sababu kinachogandisha maziwa vizuri kinaishi ndani ya kibuyu chenyewe. Basi ngozi ya chura nayo ina wakazi wake. Na chura hunywa maji kwa ngozi, na kuvuta hewa kwa ngozi hiyo hiyo, kwa hiyo ikiharibika, ameharibika mzima. Sasa upo ugonjwa wa fangasi unaoshika ngozi za vyura, na sehemu nyingine za dunia umewamaliza kabisa. Mradi wetu unauliza swali moja: ugonjwa huo ukiingia, wale wakazi wa ngozi wanafanywa nini? Wanabaki, wanakimbia, au wanapinduliwa na wengine?

Bwawa la nne ndilo lililoniletea yote haya. Ni duara la zamani nje ya mji wa Geita, na pembeni yake analima mchicha mama mmoja mjane kutoka Kigoma, tunamwita Mama Zawadi. Mzunguko wa kwanza vyura wake walikuwa wazima, wanaruka mpaka wananikimbiza mimi. Niliporudi mzunguko wa pili, Mama Zawadi alinipokea njiani na jembe mkononi.

"Mwanangu, hawa vyura wako wana homa?"

"Kwa nini, Mama?"

"Wamekaa juani tangu asubuhi kama watu wanaosubiri kuitwa hospitali. Mmoja nimemgusa na mti, hakuondoka."

Niliwakuta kama alivyosema. Wengine walikuwa wamekaa ukingoni, miguu imelegea, ngozi inabanduka vipande vidogo kama karatasi iliyolowa. Nilimgeuza mmoja chali na hakuweza kujigeuza. Wapo waliokuwa wameshakufa. Nilipiga magoti kwenye tope lile nikafanya kazi saa nyingi bila kula, nikapangusa wagonjwa na wazima wote niliowapata, nikapeleka barafu yangu kwenye basi la kwanza.

Majibu yalikuja baada ya muda mrefu, kwenye mkutano wa kompyuta. Alikuwepo mkuu wetu, Daktari Halima, mama wa makamo, mpole lakini hapendi uzembe hata kidogo. Walikuwepo na wenzangu wa mikoa mingine. Na alikuwepo kijana wa maabara anayechambua vinasaba, jina lake Elias. Elias akaonyesha michoro ya rangi rangi, kisha akasema bila kuzunguka:

"Dada Minza, sampuli za bwawa la nne, mzunguko wa pili, haziwezi kuwa za bwawa la nne. Bakteria tuliowaona mara ya kwanza karibu wote hawapo. Kuna aina mbili tatu tu zimejaa kila mahali. Hapa umechanganya mirija, au umeshika vyura kwa mikono michafu."

Mwenzangu mmoja akaanza kukohoa. Daktari Halima akasogea karibu na kamera.

"Minza, una uhakika na sampuli zako?"

Baba, nilijibu "nadhani." Mimi, ambaye nilibadili glavu kwa kila chura mpaka vidole vikavimba! Sijui lile neno lilitoka wapi. Daktari akashusha pumzi, akasema basi hizo tuziweke kando, zisiharibu kazi ya wengine, na kwamba mwisho wa mwezi tutazungumza kama niendelee au kazi apewe mtu mwingine. Nilizima kompyuta nikakaa pale pale kwenye kiti. Jioni hiyo ndipo nilipokupigia, na wewe ukaniambia habari za mizizi. Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja.

Siku mbili sikufanya lolote la maana. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Siku ya tatu nikakasirika, na hasira ile ilinisaidia. Nikatoa madaftari yangu yote nikayapanga sakafuni.

Unakumbuka daftari lako la josho? Wewe hukuandika "ng'ombe mwekundu" kama karani wa wilaya alivyotaka. Ulichora. Kila ng'ombe aliyeogeshwa ulichora mabaka yake, pembe zake, alama ya sikio, ndiyo maana hakuna mtu Samuye aliyeweza kukuletea ng'ombe wa jirani akasema ni wake. Nilikua nikikuona na kalamu ile. Bila kuambiwa na mtu yeyote, nami nilikuwa nikichora migongo ya vyura. Hawa wa bwawa la nne wana michirizi na madoa mgongoni, na hakuna wawili wanaofanana. Kwenye kila ukurasa nilikuwa na mchoro, na kwenye simu nilikuwa na picha, kwa ajili ya usalama tu.

Nikaanza kulinganisha mzunguko wa kwanza na wa pili. Chura mwenye doa kama punje ya mahindi begani: yupo mara zote mbili. Mwenye mchirizi uliokatika katikati: yupo. Nilipofika wa tano nilisimama nikaanza kutembea ndani ya chumba. Nilipomaliza walikuwa kumi na mmoja, Baba! Vyura kumi na mmoja wale wale, niliowapangusa wakiwa wazima na nikawapangusa tena. Saba kati yao walikuwa wameugua, wanne hawakuugua. Nikafungua orodha ya Elias nikaangalia namba moja moja. Wale saba, bakteria wao walikuwa wamebadilika kama alivyosema. Wale wanne walikuwa karibu kama walivyokuwa mwanzo. Bwawa moja, siku moja, mikono ile ile, maji yale yale.

Sikungoja mkutano. Nilimpigia Daktari Halima saa hiyo hiyo.

"Daktari, shikamoo. Uliniuliza kama nina uhakika, nikajibu vibaya. Ninao uhakika."

"Marahaba. Sema, Minza."

Nikamweleza. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akaniuliza swali gumu: isije ikawa ni maji machafu kutoka kwenye makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu, siyo ugonjwa. Nikamwambia hata mimi nimejiuliza hilo, lakini wale wanne wazima wanaoga maji hayo hayo. Nilisikia anafungua ukurasa.

"Nitumie picha zote," akasema. "Na usimguse chura hata mmoja mpaka nifike. Nakuja mwenyewe."

Alifika Alhamisi, na Alhamisi hiyo hiyo tukakuta pampu mbili kubwa ukingoni mwa bwawa la nne. Wachimbaji walikuwa wanaunganisha mipira. Mwenye duara, Mzee Rajabu, mtu wa Tabora, alikuwa amepata kibali cha kulifungua tena. Wangeanza kuyanyonya maji yote kesho yake asubuhi. Bwawa likikauka, vyura wangu wanatawanyika, na mimi nabaki milele mtu aliyechanganya mirija.

Nikamwendea. Alikuwa amekaa juu ya gogo anakunywa chai.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Wewe ndiye yule wa vyura?"

"Ndiye mimi. Naomba uniachie maji haya mpaka Jumapili."

Vijana wake wakacheka. Mmoja akasema, "Mzee, angalia, huyu ametumwa na mganga. Vyura hao anaenda kuwapika dawa ya dhahabu."

Mzee Rajabu hakucheka. "Ni kweli?"

Hapo ningeweza kuogopa, maana unajua maneno kama hayo yanavyoweza kumfikisha mtu pabaya kwenye nchi yetu. Lakini nilikuwa nimeshaogopa vya kutosha mwezi ule. Nikamwambia, "Mzee, tuma mtu wako yeyote akae nami kutwa nzima. Hakuna chura nitakayeondoka naye. Kila nitakayemshika nitamrudisha mbele ya macho yake." Kisha nikamweleza ugonjwa, ngozi, na ile tuhuma yangu yote, na Daktari amesimama nyuma yangu. Nilipofika pale Elias aliposema mikono michafu, mzee akaweka kikombe chini.

"Mimi nilifukuzwa kazi mgodini miaka mingi iliyopita kwa sababu waliandika jina langu kwenye kosa la mwingine," akasema. "Sikuwa na daftari. Wewe unalo?"

Nikamwonyesha. Alifunua kurasa polepole, akaangalia migongo ile yote. Mwisho akawageukia vijana.

"Wekeni pampu kando. Tunaanza Jumatatu. Na nyinyi mnaocheka, vueni viatu mkamsaidie."

Siku tatu zile, Baba, laiti ungeziona! Wachimbaji wenye mikono ya sululu, wamevaa glavu zangu nyembamba zinazochanika kila mara, wanakamata vyura alfajiri kama wanakamata vifaranga. Yule yule aliyeniita mtu wa mganga ndiye aliyekuwa na jicho kali kuliko wote, akawa anapaza sauti: "Dada, huyu ana doa begani, si ndiye wako?" Mama Zawadi alituletea viazi vitamu na kutugombeza tukikanyaga matuta yake. Tuliwapata vyura tisa kati ya wale kumi na mmoja, pamoja na wengine wapya, wagonjwa na wazima. Na kati ya wale tisa, wawili waliokuwa hoi mzunguko wa pili walikuwa wamepona, wanaruka. Niliwatambua kwa michoro nikapiga kelele kama mtoto.

Daktari Halima ndiye aliyepangusa safari hii, kwa mikono yake, mimi nikiwa mwandishi tu. Kisha akabandua namba zote akaweka namba za siri anazozijua yeye peke yake, akazifungia kwenye bahasha. Elias alitakiwa kupanga mirija kwa kuangalia bakteria tu, bila kujua nani mgonjwa na nani mzima. Jumapili jioni tuliwahamisha vyura kwenye mtaro wa maji ulio chini ya shamba la Mama Zawadi, wasivuke kwenda bwawa jingine wakapeleka ugonjwa. Jumatatu pampu zikanguruma.

Halafu nikasubiri. Wiki hizo sitaki kuzisimulia.

Mkutano ulikuwa Jumatano iliyopita. Watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza, Daktari aliwaita kwa makusudi. Elias akasema ameigawa mirija mafungu mawili, na tofauti yake ni kama mchana na usiku. Daktari akafungua bahasha mbele ya kamera akaanza kusoma. Namba ya kwanza, fungu la wagonjwa: mgonjwa. Ya pili: mgonjwa. Fungu la wazima: mzima, mzima, mzima. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Akafika namba moja, akasoma na namba yake ya bwawani, akasita. Chura huyo Elias alimweka kwa wagonjwa, lakini kwenye karatasi ya Daktari ameandikwa mzima.

"Basi hapo nimekosea moja," Elias akasema.

Safari hii sikusema nadhani. Nikafungua daftari. "Hukukosea. Chura huyo nimeandika hapa: anaruka, anakula, lakini ngozi ya ubavu imepauka kidogo. Mpimeni fangasi upya."

Walikuwa na majibu ya kipimo chake pale pale, hawakuwa wameyaangalia. Elias akatafuta kwenye kompyuta yake, akasema, "Anao. Kidogo sana, ndiyo kwanza unaanza."

Unaelewa maana yake, Baba? Bakteria wa ngozi walishaanza kubadilika kabla jicho la mtu halijauona ugonjwa. Sikuharibu kitu. Ugonjwa wenyewe ndio uliobadilisha kila kitu, na sisi tulikuwa tunauona ukifanya hivyo. Daktari Halima aliweka karatasi chini akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Minza hakuchanganya mirija. Minza ametuletea matokeo bora kuliko yote ya mradi huu, na sisi tulitaka kuyatupa."

Elias akasimama. Kwenye mkutano wa kompyuta hakuna anayesimama, tukawa tunaona shati tu. Akasema, "Dada Minza, nilikutuhumu mbele ya watu, basi nakuomba radhi mbele ya watu. Nisamehe." Nikamwambia nimemsamehe, akae tumwone uso. Watu wakacheka mpaka wakapiga makofi, na mimi nikalia, safari hii bila aibu.

Na bado kuna zaidi. Wale wawili waliopona, wakazi wa ngozi zao wameanza kurudi, si wote, lakini wengi. Kati ya waliorudi kuna bakteria ambaye Elias amemwotesha maabara akamweka sahani moja na fangasi, na fangasi amekwama, hasogei. Daktari anasema bado si dawa, kuna kazi ndefu mbele, na mimi nakwambia hivyo hivyo nisije nikakudanganya. Lakini ametoka kwenye ngozi ya chura wa duara la Geita, nami ndiye niliyempangusa chura huyo akiwa anakufa.

Makala itakapoandikwa jina langu litakuwemo kati ya waandishi, siyo chini kwenye shukrani. Lile suala la kupewa mtu mwingine kazi limekufa. Badala yake nimepewa mabwawa yote ya kanda hii niyasimamie, na watu wapya watano wa kufundisha. Yule kijana wa Mzee Rajabu mwenye jicho kali ni mmoja wao, ameacha sululu. Na michoro ya migongo sasa ni sheria ya mradi, kila mtu lazima achore. Daktari aliniuliza nimejifunzia kuchora chuo gani. Nikamwambia nimejifunza kwenye josho la Samuye, kwa baba yangu. Akaandika. Wabeja, asante sana, Baba. Wabeja sana.

Nisalimieni Bibi mzaa mama, mwambieni mjukuu wake hajapata chunusi wala upele kwa kushika vyura. Msalimieni kaka Masanja na mke wake, pamoja na shangazi anayeuza vitumbua pale stendi ya Tinde, na mwalimu wangu wa baiolojia kama bado anapita hapo kwa baiskeli, yeye hasa asomewe barua hii yote. Mchungaji mwambieni sala zake zimefika. Mama, nakukumbatia, na dawa ni kila siku.

Naishia hapa, kwa kuwa basi la Shinyanga linaondoka saa nne na dereva amekubali kubeba bahasha hii mpaka kwa Shangazi. Jumatatu wanafunzi wangu watano wanaanza. Nimeshapanga somo la kwanza: nitampa kila mmoja chura, kalamu na daftari jeupe, kisha nitamuuliza kama ana uhakika, na nitabaki hapo hapo kwenye tope nikimsubiri mpaka aseme ndiyo.

Ni mimi binti yenu, mwenye furaha tele,
Minza
Msimamizi wa Mabwawa